Jicho Katika Maji ya Kijani

Afisa ugani anapomfundisha mfugaji mpya wa samaki, somo la kwanza halihitaji kifaa chochote. Unapiga magoti ukingoni mwa bwawa, unakunja mkono wa shati hadi begani, unafungua kiganja, kisha unazamisha mkono taratibu huku macho yakifuata vidole. Vidole vikipotea maji yakiwa hayajafika hata katikati ya kigasha, maji yamezidi uzito na samadi isimamishwe. Vikiwa bado vinaonekana ilhali maji yameshapita kiwiko, bwawa lina njaa, mbolea iongezwe. Vikipotea maji yakiwa yanakaribia kiwiko, hapo ndipo penyewe. Watafiti hupima jambo hilohilo kwa kisahani cheusi na cheupe kinachoshushwa kwa kamba, na miongozo mingi ya ufugaji wa sato hutaka kisahani hicho kipotee kati ya sentimita 25 na 40.

Maana yake ni kwamba bwawa la sato lililotunzwa vizuri ni bwawa ambalo mwenyewe haoni kilichomo. Ukijani ule ni mimea midogo isiyohesabika. Mchana inatoa oksijeni, na sato mwenyewe anaila. Mtu wa Kizwite, Sumbawanga, akichimba bwawa nyuma ya nyumba, akaleta samadi ya kuku na kusubiri maji yakolee, anafanya kazi ya makusudi ya kuyafanya maji yasipenyeke kwa macho. Kisha jioni moja anaonyeshwa kwenye simu video ya kutoka Norwei: kamera iko majini, samaki wanapita mbele yake mmoja mmoja, na pembeni ya kila samaki panaandikwa uzito wake. Anauliza swali la haki kabisa: kifaa hiki nitakipata wapi?

Jibu langu ni kwamba kabla ya kuuliza bei, tuulize maji. Na kwa Ufipa, kabla hata ya maji, tuulize kalenda.

Kizwite ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Upande wa magharibi ardhi inashuka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo liko kwenye mita 770 hivi. Upande wa mashariki inaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Watu wa uwandani wamekaa kati ya maziwa mawili, na kwa miaka yote samaki wamekuwa wakipanda mlima kuwafuata: migebuka na dagaa kutoka Kasanga na Kirando kando ya Tanganyika, kambale na perege kutoka Rukwa. Ndiyo sababu ufugaji wa samaki haukuwahi kuwa jambo la haraka hapa. Nani achimbe bwawa wakati lori la samaki linafika sokoni?

Hali imebadilika. Mwaka 2003 kundi la wanasayansi likiongozwa na Catherine O'Reilly lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba Ziwa Tanganyika limekuwa likipata joto, upepo umepungua, na maji ya chini yenye rutuba hayapandi tena juu kama zamani. Rutuba isipopanda, mimea midogo inapungua; mimea ikipungua, dagaa wanapungua; na migebuka hula dagaa. Ongeza hapo wingi wa vyombo na nyavu. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana ziwa lipumzishwe, na Tanzania ikafunga shughuli za uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024.

Tazama miezi hiyo vizuri. Mei, Juni, Julai, Agosti: ndiyo miezi ambayo Sumbawanga inavaa makoti. Usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Sato ni samaki wa joto. Hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi 26 hadi 30, hupunguza kula maji yakishuka chini ya 20, na karibu na 16 huacha. Kwa hiyo ziwa likifungwa tena miezi hiyo, na soko likimwita mfugaji wa Kizwite kwa sauti kubwa kuliko wakati wowote, samaki wake ndipo watakuwa wamefunga midomo. Anayetaka kuuza wakati ziwa limefungwa lazima awe amewanenepesha kabla ya katikati ya Mei, kisha awavushe kwenye baridi bila kuwapoteza na bila kuwamwagia chakula wasichokila. Mambo mawili anayotakiwa kuyajua ni uzito wa samaki wake mwezi Aprili na hamu yao ya kula mwezi Juni. Kamera yoyote inayouzwa kwake nitaipima kwa mambo hayo mawili.

Tuanze na Norwei, maana huko ndiko teknolojia hii ilikokulia. Samoni hufugwa baharini katika vizimba vikubwa vya wavu, na sheria ya nchi hiyo inaruhusu hadi samaki 200,000 katika kizimba kimoja. Wavu unashuka makumi ya mita. Hakuna mtu anayeweza kusimama ukingoni akajua kinachoendelea huko chini, na chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote, karibu nusu ya matumizi. Kamera ya kwanza ilishushwa kwa kazi nyepesi: kuangalia punje za chakula zinavyozama. Mlishaji anakaa chumbani, pengine mbali kabisa na kizimba, mbele ya skrini nyingi. Akiona punje zinapita katikati ya samaki bila kuguswa, anazima mashine. Ni hivyo tu, na peke yake iliokoa fedha nyingi.

Baadaye ikaja kazi ya chawa. Samoni hushambuliwa na chawa wa baharini, na sheria ya Norwei inataka wastani usizidi chawa jike mpevu 0.5 kwa samaki, na 0.2 katika wiki za majira ya kuchipua ambapo makinda ya samoni wa porini hutoka mitoni kwenda baharini. Ili kuhesabu, ilibidi kuvua samaki kadhaa, kuwalevya kwa dawa na kuwakagua kwa mkono. Kampuni kama Aquabyte, iliyoanzishwa 2017, na mradi wa Tidal uliotangazwa 2020 na maabara ya X ya kampuni mama ya Google, zimefundisha kompyuta kumtambua chawa kwenye picha ya samaki anayepita. Samaki haguswi.

Kazi ya tatu ndiyo inayomvutia mfugaji wa kwetu: kupima uzito kwa picha. Kamera inayofanya hivyo ni pacha, lenzi mbili zilizofungwa kwa umbali unaojulikana. Samaki mmoja anaonekana mahali tofauti kidogo katika kila lenzi, na kutokana na tofauti hiyo programu inakokotoa yuko mbali kiasi gani, kisha ana urefu gani kutoka mdomoni hadi mkiani. Urefu ukishapatikana, uzito unatokana na kanuni iliyozoeleka kwa wataalamu wa samaki: uzito hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha urefu. Samaki aliyerefuka maradufu ameongezeka uzito karibu mara nane.

Kanuni hiyo ina mtego ambao wauzaji hawapendi kuusimulia. Ukikosea urefu kwa asilimia 5 tu, uzito unakosewa kwa karibu asilimia 16. Na majini kukosea ni rahisi. Mwanga unapotoka majini kwenda hewani kupitia kioo bapa cha kasha la kamera hupinda, na kitu huonekana kikubwa kwa karibu theluthi moja kuliko kilivyo. Kamera iliyosawazishwa juu ya meza, hewani, ikazamishwa bila kusawazishwa upya majini, itampa mfugaji samaki ambao hana. Halafu rangi: wekundu wa mwanga humezwa ndani ya mita chache za mwanzo, na taa ikifungwa karibu na lenzi, vumbi lililo majini linarudisha mwanga moja kwa moja kwenye kamera na picha inageuka ukungu. Taa hutakiwa kukaa pembeni. Na kioo chenyewe, kikikaa majini siku chache, kinaota utelezi wa kijani. Watengenezaji wengine hufunga kifutio mbele ya lenzi. Asiye nacho hana budi kuipandisha kamera na kuifuta kwa mkono, tena mara kwa mara.

Hasara ya hesabu mbovu inaonekana mara moja kwenye magunia. Chukua bwawa lenye sato 1,000. Wakiwa na wastani wa gramu 100 kila mmoja, bwawa lina kilo 100 za samaki, na kwa kiwango cha asilimia 3 ya uzito wao kwa siku watalishwa kilo 3. Mfugaji akidhani wamefika gramu 150, atamwaga kilo 4 na nusu. Kilo moja na nusu inayozidi inazama, inaoza, na kuoza kwenyewe kunakula oksijeni. Kwa siku 30 ni kilo 45, zaidi ya mifuko miwili ya kilo 20. Mifuko miwili ya chakula si mchezo kwa mtu aliyeuza maharage kununua vifaranga.

Sasa tushuke mlima. Kutoka Sumbawanga barabara inapita Matai na kuishia Kasanga, na mwisho wake kuna maji ya namna nyingine kabisa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na maji yake ya juu ni maangavu kiasi kwamba kuna nyakati kisahani kile cha kupimia kinaonekana kikiwa mita 20 chini. Sentimita 30 Kizwite, mita 20 ziwani. Safari ya saa chache kwa gari inakutoa kwenye maji ambamo kamera haina kazi na kukuingiza kwenye maji ambamo wanasayansi wamefanya baadhi ya kazi nzuri kuliko zote za kupiga picha samaki wa maji baridi.

Katika ziwa hili wanaishi zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikildi, ukoo uleule wa sato, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakiongozwa na Masanori Kohda waliripoti jambo la ajabu kuhusu mmoja wao, samaki mdogo wa kusini mwa ziwa anayeitwa kitaalamu Neolamprologus pulcher. Samaki hao huishi kwa makundi ya kifamilia, na kila mmoja ana michoro yake usoni, karibu na jicho. Watafiti walitengeneza picha za kompyuta wakachanganya: uso wa jirani anayefahamika kwenye mwili wa mgeni, na uso wa mgeni kwenye mwili wa jirani. Samaki alipoonyeshwa uso wa mgeni alikaa akimwangalia kwa wasiwasi, hata kama mwili ulikuwa wa jirani. Alipoonyeshwa uso wa jirani, alitulia. Samaki wa sentimita chache, kwa kutazama uso tu, anajua nani ni wa nyumbani.

Nalisimulia hili kwa sababu wahandisi wanakimbilia hapohapo. Kampuni ya Cermaq na wenzake wa BioSort huko Norwei walianzisha mradi wa iFarm, ambao nia yake ilikuwa kumtambua kila samoni kwa madoa yake, ili kila samaki awe na kumbukumbu yake ya ukuaji na afya. Kitu ambacho samaki wa miamba ya Tanganyika wamekuwa wakikifanya tangu enzi na enzi, kompyuta zinajifunza sasa kwa gharama kubwa. Mwaka 2024 watafiti waliofanya kazi kwenye ufuko wa kusini wa ziwa hilohilo, upande wa Zambia, walichapisha matokeo ya kuwarekodi kwa kamera sikildi wa aina 57 waliovuliwa ziwani, kila samaki kwa dakika 15, ili kuona nani ni mdadisi na nani ni mwoga wa mahali pageni, na wakahusisha udadisi huo na sehemu moja ya vinasaba vyao. Mambo haya yanafanyika jirani na Kasanga. Ningependa kijana wa huko ayajue kabla hajayasikia kwa mgeni.

Je, vizimba vije Tanganyika na kamera zake? Serikali imekuwa ikihimiza vizimba. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Mwanza akizindua ugawaji wa boti na vizimba vya mkopo kwa Ziwa Victoria. Lakini Tanganyika si Victoria. Ziwa hili lina ngege wake, Oreochromis tanganicae, anayefugika pia. Samaki wa kuletwa akitoroka kupitia tundu la wavu, hakuna mtu atakayemrudisha, na kila aina ya sikildi tutakayoipoteza hapa imepotea duniani kote. Kwa hiyo kama ningeulizwa kamera ya kwanza ya kizimba cha Kipili au Kasanga ifanye nini, nisingesema ipime samaki. Ikague wavu, jicho kwa jicho, kutoka juu hadi kitako, kila wiki. Kazi hiyo kwingineko hufanywa na wazamiaji. Huku kuna mamba, na sioni sababu ya kumtuma kijana wa mtu majini ilhali kijimashine chenye kamera kinaweza kushuka kwa waya na kurudi na picha ya kila fundo.

Turudi juu, kwenye maji ya kijani.

Mfugaji wa Kizwite akizamisha kamera kwenye bwawa lenye afya atapata picha ya kijani kitupu, na mara mojamoja kivuli cha pezi. Kuongeza taa hakusaidii, kunazidisha ukungu. Zipo njia nyingine za kuchungulia maji mazito. Sona, kifaa kinachotuma mawimbi ya sauti na kuchora kinachorudi, huona vizuri kwenye tope na gizani, ila bei yake ni ya miradi mikubwa. Kwa kamba wanaofugwa mabwawani, wapo wanaotumbukiza maikrofoni na kusikiliza mlio wa taya zao wakati wa kula. Taya zikinyamaza, mashine inaacha kulisha. Huko Indonesia kampuni ya eFishery, iliyoanza 2013, ilijulikana kwa mashine za kulishia zilizosoma vurugu za samaki majini ili kujua kama bado wana njaa. Kampuni hiyo baadaye iliingia kwenye kashfa nzito ya hesabu zake za fedha, lakini wazo la kusoma njaa kwa mtikisiko wa maji ni zuri na linabaki zuri.

Kwa bwawa la mita chache nyuma ya nyumba, mimi napendekeza kamera itolewe majini.

Samaki wakilishwa punje zinazoelea, habari yote ya hamu yao iko juu ya maji. Funga mabomba ya plastiki manne yawe fremu inayoelea, ili punje zisisambazwe na upepo, na upepo wa Ufipa unajulikana. Simamisha mti ukingoni, funga simu ya zamani juu yake ikitazama fremu. Piga picha chakula kinapomwagwa, na nyingine baada ya dakika 15. Programu ya kuhesabu vidoa vya kahawia kwenye maji ya kijani ni miongoni mwa programu rahisi kuliko zote za kuona kwa kompyuta. Mwanafunzi wa chuo anaweza kuiandika. Punje zikiwa zimekwisha, kesho ongeza kidogo. Zikibaki robo, punguza. Weka na kipimajoto cha majini kando ya fremu, namba zake zionekane kwenye picha ileile. Baada ya msimu mmoja mfugaji atakuwa na kitu ambacho hakipatikani kwenye mwongozo wowote ulioandikiwa Morogoro au Mwanza: samaki wake, kwenye mwinuko wa mita 1,800, wanakula kiasi gani maji yakiwa na nyuzi 17, 18, 19. Atagundua pia saa. Mwezi Juni chakula cha saa moja asubuhi ni chakula cha kutupa. Maji ya juu hupata joto kuanzia adhuhuri, na samaki huyafuata juu.

Kamera hiyohiyo ina kazi alfajiri. Usiku mimea ile ya kijani haitoi oksijeni, inaitumia. Na huku juu hewa yenyewe ni nyepesi. Mgandamizo wake ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani, kwa hiyo maji ya Kizwite hubeba oksijeni pungufu kuliko maji ya joto lilelile kule Bagamoyo. Baridi inasaidia kidogo, maana maji ya baridi hubeba zaidi, lakini bwawa lililolishwa kupita kiasi haliokolewi na baridi. Oksijeni ikiisha, samaki hupanda juu kabla jua halijachomoza, midomo wazi, wakitweta. Picha ya alfajiri ikionyesha midomo juu ya maji, siku hiyo hakuna kulisha, maji mapya yaingizwe mara moja. Mwenye bwawa aliyelala hayaoni haya, na mara nyingi akiamka anakuta wengine wamegeuza matumbo.

Kuna hoja ya umeme na bando. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme kutoka Zambia, na kukatika si habari. Mfumo wa kurusha video mchana kutwa hadi kwenye kompyuta za mbali hautadumu wiki mbili. Picha mbili za mlo na moja ya alfajiri zinaweza kuhesabiwa ndani ya simu ileile, na kinachosafiri ni ujumbe mfupi: joto, punje zilizobaki, midomo ipo au haipo. Paneli ndogo ya sola inatosha.

Uzito ni suala jingine, na hapa maji hayana budi kuachwa kabisa. Ufugaji wa samaki wa kisasa nchini ulianza kwa majaribio ya perege huko Korogwe na Malya mwaka 1949, na tangu wakati huo hadi leo mfugaji mdogo amepima kwa namna moja: kokoro, ndoo na mizani. Njia hiyo ni ya kweli, lakini samaki hupigapiga mizani, magamba yanatoka, kidonda kinaingia fangasi, na kwenye maji ya baridi hakiponi haraka. Matokeo yake wengi hawapimi kabisa. Picha inaweza kulimaliza tatizo hili. Vuta kokoro asubuhi, chukua samaki 30 bila kuchagua wakubwa, waweke kwenye ndoo ya maji ya bwawa. Lowesha mikono. Andaa beseni jeupe bapa lenye maji safi ya kina kidogo, samaki afunikwe kwa shida, na rula imelazwa ndani. Mweke mmoja alale ubavu, piga picha kutoka juu kabisa, mrudishe. Ni sekunde chache kwa kila samaki.

Rula ndiyo roho ya kazi, na wengi huikosea. Lazima iwe kwenye kimo kilekile cha samaki. Simu ikiwa sentimita 50 juu ya rula iliyolala chini ya beseni, na samaki anaelea sentimita 5 juu ya rula hiyo, samaki ataonekana mrefu kwa asilimia 11 kuliko alivyo. Ikipita kwenye kanuni ya kipeo cha tatu, uzito wake umepanda kwa zaidi ya theluthi. Mfugaji atafurahi bure, atalisha kupita kiasi, na tumesharudi kwenye mifuko miwili. Inua rula juu ya kibao ifikie katikati ya unene wa samaki, na tatizo limekwisha.

Kinachobaki ni kubadilisha urefu kuwa gramu, na namba za samoni hazitufai hapa. Samoni ni mwembamba mrefu. Sato ana kimo na mgongo wa mviringo. Hata sato kwa sato hawalingani: aliyekua polepole kwenye maji ya baridi anaweza kuwa mwembamba kuliko mwenzake wa urefu uleule aliyelelewa Mwanza. Programu za akili mnemba zinajua kile tu zilichoonyeshwa, kwa maelfu ya picha ambazo mtu alikaa akachora mstari kuzunguka kila samaki. Picha za sato wa Ufipa zipigwe Ufipa, na zipimwe kwa mizani ya Ufipa angalau msimu wa kwanza, ili kila picha iwe na gramu zake za kweli. Hii ni kazi ambayo Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi kupitia kituo chake cha Kigoma, wanafunzi wa Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi walioko Kigoma, na Chuo Kikuu cha Sokoine kupitia kampasi ya Mizengo Pinda huko Katavi wanaweza kuigawana bila kununua kamera hata moja ya majini. Nasisitiza jambo moja: picha na namba zibaki mikononi mwa wafugaji waliozitoa, wakijua nani anazitumia. Anayejua uzito wa samaki wote wa Sumbawanga mwezi Aprili ndiye atakayepanga bei ya Juni, na sitaki awe mnunuzi peke yake.

Basi katikati ya Aprili beseni jeupe litoke. Aliyekuta wastani wa gramu 250 anaweza kuwaweka hadi ziwa lifungwe, kama litafungwa, akiwalisha adhuhuri kidogokidogo kadiri fremu inavyomwonyesha, akiwavua kwa mafungu wiki kwa wiki. Aliyekuta gramu 120 asijidanganye kwamba Juni itawakuza. Apunguze idadi mapema, walio wakubwa wauzwe kabla ya baridi, wadogo wabaki na nafasi na oksijeni ya kutosha hadi Septemba maji yatakaporudi nyuzi za kula. Na chakula cha Juni na Julai anunue nusu ya alichokuwa amepanga, au chini ya hapo.